Jumanne na Ijumaa kwa Mama

Wifi yake alipoingia na dawa ya mgongo, Fundi alikuwa na pini nne mdomoni na sketi ya shule magotini. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Cherehani aliiweka sebuleni makusudi, karibu na mlango wa chumba cha mama, ili mama akiguna tu amsikie. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu kiharusi kimpige mama upande wa kulia, na kwa miaka hiyo miwili maisha ya Fundi yalikuwa hatua saba: kutoka kiti cha cherehani hadi kitanda cha mama, na kurudi. Mtaani walimwita Fundi Sare, maana nusu ya watoto wa pale walivaa kazi ya mikono yake. Lakini wateja walianza kumkimbia kidogo kidogo. Kazi ya wiki moja ilikaa tatu. Mama alikuwa mzito, na mikono ilikuwa miwili tu.

Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa mkunga katika hospitali iliyo upande wa pili wa mji. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyepokea watoto wa watu hadi akaacha kuwahesabu, na ambaye sijui kitu gani kingeweza kumfanya atoe macho. Zamu zake zilikuwa za kukata na shoka, na nyumbani alikuwa na watoto watatu, kwa hiyo alikuja kwa nadra. Lakini alipokuja hakukaa kama mgeni. Alinawa mikono, akaenda moja kwa moja kumgeuza mama. Kuna mawifi wanaogombana kwa kutazamana tu. Hawa walipendana.

"Nimeleta nyingine," alisema, akaweka kopo la dawa juu ya meza ya kukatia. "Ile niliyompa mume wangu Ijumaa iliyopita imesaidia?"

Fundi hakuwa ameona dawa yoyote. Kaka yake hakuwa ametia mguu katika nyumba ile kwa wiki sita, ikienda ya saba, na hata siku ile ya mwisho alisimama mlangoni na kofia ya pikipiki kichwani, akasema anawahi kazi. Fundi alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, polepole, apate muda wa kuelewa anaulizwa nini.

"Imesaidia," alisema.

Neno lilimtoka kabla hajalitafuna. Kwa nini alilisema, hata yeye alijiuliza baadaye. Nadhani ni ile tabia ya kumkinga ndugu, inayomtoka mtu kama chafya.

"Afadhali," alisema Mkunga. "Maana Jumanne na Ijumaa akirudi kutoka hapa anakuwa hoi. Hata kula hali vizuri. Ananiambia kumgeuza mama si mchezo. Nilimwonyesha ashike chini ya bega, asivute mkono. Anashika hivyo?"

"Anashika."

"Na wewe siku hizo unapata kupumzika kidogo. Ameniambia anakulazimisha ukalale."

Fundi aliinamia sketi ile akaanza kuibana pini mahali palipokwisha banwa. Masikio yalimwaka moto. Mwaka ule wote hakuwa amelala mchana hata siku moja. Kiuno kilikuwa kimekaza kama ubao, na magoti yalilia kila alipoinuka. Na kumbe kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Jasho lilikuwa lake, na sifa zilikwenda kulala kwa kaka.

Kaka huyo alikuwa fundi wa mafriji, na kwa sababu hiyo watu walimwita Barafu. Alikuwa mzuri wa sura, mcheshi, mtu wa kusalimia kila mtu kwa jina lake, na tangu utoto alipovunja kitu nyumbani aliyekemewa alikuwa dada yake, kwa nini hakumwangalia mdogo wake.

Jumanne Fundi alisubiri. Saa nane, saa tisa, saa kumi. Hakuja mtu. Ijumaa alimwomba jirani wa mlango wa pili akae na mama kwa saa moja, akavaa viatu akaenda karakanani kwa Barafu.

Alimkuta mwenzake wa kazi peke yake, amechuchumaa nyuma ya friji lililofunguliwa mgongo.

"Dada, mbona huku? Mmepishana njiani," alisema. "Ametoka saa nane kuja kwenu. Yule ndugu yako ana moyo wa pekee. Mwanaume kumwogesha mama yake mzazi kwa mikono yake? Mimi nisingeweza. Hapa wote tunamwambia, pepo yako iko wazi."

"Amekuja kwetu moja kwa moja?"

"Alisema anapitia kwanza kwa Mama Koni, friji lake lina matatizo."

"Friji la Mama Koni huharibika kila Ijumaa?"

"Na Jumanne," alisema yule mwenzake. Kisha akaanza kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Duka la koni za aiskrimu lilikuwa mtaa wa tatu, limepakwa rangi ya waridi mbele, na nyuma lina ua wenye lango la bati. Lango lilikuwa wazi nusu. Pikipiki ya Barafu ilikuwa ndani, kivulini, imefunikwa turubai kama kitu cha nyumba hiyo. Juu ya kamba zilianikwa shuka mbili za pamba, nyeupe, zenye mshono wa kijani pembeni. Fundi aliujua mshono ule, kwa sababu ulikuwa wake. Alizishona kwa ajili ya mama, shuka laini zisizochubua, akampa wifi yake azichemshe hospitalini na kumpa Barafu azirudishe. Alipoziulizia, Barafu alisema zimepotelea kwa dobi wa hospitali.

Barafu alitoka nje bila shati, akiwa na kikombe cha chai mkononi. Alipomwona dada yake alisimama. Hakushtuka sana. Alikuwa na uso wa mtu aliyekutwa akila kabla wageni hawajafika.

"Nani tena?" ilisikika sauti ndani, na mwanamke akatoka, kichwa kimefungwa taulo. Alimwangalia Fundi, akaangalia pua yake, akaangalia pua ya Barafu, akatabasamu. "Karibu, wifi. Mama anaendeleaje na mgongo?"

Fundi alikwenda kwenye kamba, akatoa vibanio, akazivuta zile shuka zikiwa bado na unyevu, akazikunja kwapani.

"Dada, subiri," alisema Barafu. Alimfuata hadi nje ya lango, akivaa shati njiani. "Subiri tuongee kama watu wazima."

"Ongea."

"Mimi namheshimu mke wangu. Watoto wanakula, wanasoma, hawajakosa kitu. Hili ni jambo la kupita. Ukienda kumwambia, hutakuwa umemkomoa mtu ila watoto. Utakuwa umevunja nyumba kwa mkono wako mwenyewe."

"Unamwambia mkeo unamwogesha mama."

"Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia unacheza karata. Ungemwambia unakunywa. Dunia nzima hii, Barafu, hukupata uongo mwingine ila mgongo wangu?"

Alikuna kichwa. "Ndio ulioaminika," alisema, na nadhani hilo lilikuwa neno la kweli pekee alilolisema siku hiyo. Kisha akaongeza, kama mtu anayetoa karata yake kubwa, "Na hata hivyo mama anajua."

"Anajua nini?"

"Mke wangu akipiga simu kumsalimu, mama anasema nipo. Muulize."

Fundi alirudi nyumbani kwa miguu, shuka mbichi kwapani, na njia nzima hakumwona mtu. Jirani alimwangalia usoni akaaga haraka. Maji ya kumwogesha mama yalikuwa tayari yanachemka. Aliyachanganya kwenye beseni, akaliweka kando ya kitanda, akamvua mama gauni, akaanza na uso, shingo, mkono ule mzima, mkono ule uliolala.

"Mama. Mke wa Barafu akipiga simu, unamwambia mwanao yuko hapa?"

Maneno ya mama yalitoka upande mmoja wa mdomo, polepole, kila moja na jasho lake. Lakini akili ilikuwa nzima kama zamani.

"Namwambia."

"Na unajua hayupo."

"Mwanaume," alisema mama, akapumua, "ni mwanaume. Mwache. Nyumba... isivunjike."

"Na mimi?"

Mama hakuelewa swali. Au alilielewa na hakuona uzito wake. "Wewe upo," alisema.

Hasira iliyompanda Fundi hapo haikuwa na mfano. Mkono uliokuwa na kitambaa uliendelea kusugua, na hakujua unasugua vipi hadi mama alipokunja uso na kutoa sauti ndogo. Fundi aliangalia. Ngozi ya ubavu, nyembamba kama karatasi ya sigara, ilikuwa nyekundu, imechubuka. Aliacha kitambaa ndani ya beseni, akatoka, akasimama jikoni ameshika ukingo wa meza. Alijiogopa. Lakini maji yangepoa, kwa hiyo alirudi, akamalizia kwa kiganja kitupu, taratibu.

Sasa ungedhani kesho yake alikwenda kusema. Hakwenda. Ni rahisi kwetu tuliokaa pembeni. Kila asubuhi aliamka ameshaamua, na kila jioni alikuwa ameshaamua vingine. Aliwaza wale watoto watatu wanaomwita shangazi. Aliwaza wifi yake akiuliza, mbona uliniambia imesaidia? Aliwaza mama, ambaye kila aliposikia simu inalia alimkodolea macho kutoka kitandani. Wakati mwingine alichukia kwamba yeye ndiye anayejua, akamchukia hata Mkunga mwenyewe: mwanamke mwenye akili zote zile, anaamini vipi? Hasira ilimfanya asionje chakula. Alikata kitambaa vibaya mara mbili, akamfokea mteja aliyekuja kuuliza kaptura ya mwanawe, na yule mteja hakurudi tena.

Siku ya tisa Mkunga alipiga simu, sauti yake ina furaha anayoibana.

"Wifi, nimechaguliwa. Ile kozi ya watoto njiti. Miezi minane, chuo kikubwa kabisa, na nikirudi napewa wodi yangu."

"Hongera. Wifi, hongera sana."

"Basi ndio hivyo. Nadhani nitakataa."

"Ukatae kwa nini?"

"Nikiondoka, watoto atabaki nao nani? Mume wangu akibaki nao, Jumanne na Ijumaa atakujaje kwa mama? Nilimwambia, akasema niende tu, yeye atajigawa. Lakini nilimwangalia nikaona mtu amechoka. Siwezi kumuua mtu na mama yake kwa ajili ya cheti."

Fundi alikuwa amesimama katikati ya sebule. Maneno yote yalikuwa yamejipanga mdomoni. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na mama alikuwa anamtazama.

"Usikatae bado," alisema.

"Kwa nini?"

"Basi tu. Usiharakishe."

"Wananipa hadi mwisho wa mwezi," alisema Mkunga, na wakaagana.

Siku ya kumi na nane ilikuwa Jumanne. Baada ya chakula cha mchana Fundi alimwinua mama kumhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, jambo alilolifanya kila siku, na kila siku liliwezekana. Siku hiyo goti lilimtoka. Hawakuanguka kwa kishindo. Walikwenda chini polepole, mama juu, yeye chini, mguu wa Fundi umebanwa kati ya kitanda na uzito wa mama. Alijaribu kumsukuma, akashindwa. Alijaribu kujivuta, mama akalia kwa maumivu, akaacha.

Simu ilikuwa mfukoni mwa gauni. Jirani hakuwepo, alijua. Alimpigia Barafu. Iliita hadi ikakata. Akampigia tena. Duka la koni lilikuwa dakika kumi kwa pikipiki, labda nane.

"Mpigie," alisema mama sikioni mwake.

"Ninampigia, Mama."

Alimpigia mara kumi na moja. Alikuwa ameweka spika, na mama aliusikia mlio ule kila mara, ukiita, ukiita, ukikata. Walikaa sakafuni pale, uso kwa uso, kama watu waliolazwa kitanda kimoja kidogo, kwa muda wa saa nzima na ushei. Mama alijikojolea, akafumba macho kwa aibu. Jirani aliporudi kutoka sokoni na kusikia ukuta ukigongwa, alikuja akawainua.

Barafu alipiga simu saa moja jioni. "Niliona umenitafuta. Kuna nini?"

Fundi alikata simu.

Jumatano asubuhi alimwogesha mama, akamlisha uji, akavaa viatu. Mguu ulikuwa umevimba. Jirani alikwisha kuja kukaa.

"Nakwenda hospitalini kwa wifi," Fundi alisema akiwa mlangoni.

Mama aligeuza uso ukutani. Hakusema mwache.

Mkunga alimkuta Fundi kwenye benchi nyuma ya wodi ya wazazi, mahali wauguzi wanapokwenda kunyoosha miguu. Alikuja na sanduku la chakula mkononi, akauona ule mguu kwanza, akachuchumaa kuushika.

"Umefanya nini?"

"Acha mguu. Kaa."

Alikaa. Fundi alimwambia. Hakuzunguka, kwa sababu njiani alijaribu kila namna ya kuzunguka akaona zote ni za kujipendelea mwenyewe. Alimwambia kaka yake haji kwa mama. Hakuwahi kuja hata Jumanne moja. Alimwambia alipo, kwa nani, na kwamba alikwenda akamwona kwa macho yake. Alimwambia kuhusu simu na mama.

Mkunga alisikiliza kama anavyomsikiliza mzazi anayeeleza uchungu ulianza saa ngapi. Alifunga sanduku la chakula, akalifungua, akalifunga.

"Nilipaswa kujua," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Mama yule akubali kuvuliwa nguo na mwanawe wa kiume? Mimi mwenyewe mara ya kwanza alinikatalia. Nilipaswa kujua." Kisha akageuka. "Uliniambia dawa imesaidia."

"Nilikuwa sijajua. Nilishtuka tu."

"Ulijua lini?"

"Ile Ijumaa iliyofuata."

Alihesabu. Fundi alimwona akihesabu. "Siku kumi na tisa."

"Ndiyo."

"Nilikupigia simu. Nikakuuliza kwa nini nisikatae. Ukasema basi tu." Sauti haikupanda, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Nimekataa juzi. Jumatatu. Nimeandika barua, nimesaini, na jana nafasi amepewa mwenzangu. Nilimpa hongera mwenyewe, nikamkumbatia."

Fundi alihisi kama sakafu ya jana imerudi chini yake. "Wifi, sikujua kama..."

"Ulijua. Hukujua kuhusu barua ya Jumatatu, lakini la mume wangu ulilijua." Alisimama, akakung'uta gauni lake jeupe ingawa halikuwa na kitu. "Yule nitamshughulikia, najua pa kumshika. Wewe nikufanye nini? Niambie. Kwa sababu yeye nilikuwa namchunga kidogo, kama mke anavyomchunga mume. Wewe sikukuchunga hata mara moja."

Akarudi wodini. Mlango ulikuwa wa kusukuma. Ulirudi na kwenda, ukirudi na kwenda, hadi ukatulia.

Ijumaa, saa nane kamili mchana, teksi ilisimama mbele ya nyumba. Mkunga alishuka akiwa amevaa nguo zake za kazi. Nyuma yake ikaja pikipiki ya Barafu, mwendo wa pole, mwenyewe amekaa juu yake kama mtu anayejisindikiza makaburini. Dereva alishusha mabegi matatu na sanduku la vifaa. Mkunga mwenyewe aliyaingiza ndani moja moja, akayapanga kando ya cherehani, kisha akanawa mikono akaingia chumbani kwa mama.

"Shikamoo, Mama."

"Mara... haba."

"Mama, sikuja kugombana. Mimi na wewe hatujawahi kugombana. Nilikuwa nikipiga simu kuuliza kama mwanao yuko hapa, ukaniambia yupo. Sikutaka neno lako libaki uongo, mtu mzima kama wewe. Nimemleta. Sasa yupo."

Mama alifumba macho, na machozi yakamtoka upande ule unaofanya kazi na upande ule usiofanya. Mkunga aliyapangusa kwa kona ya shuka, kwa mkono mwepesi uleule, akamgeuza, akaangalia mgongo, akaona wekundu ubavuni uliokuwa unapona, akapaka dawa. Alipotoka alimpita Barafu mlangoni kama anavyopita meza.

Kwa Fundi alisimama. "Ubavu huo usiusugue," alisema, akaingia kwenye teksi.

Barafu alikaa kwenye kiti cha wateja. Muda mrefu alikuwa anaangalia mabegi yake. Kisha akainua kichwa.

"Umefurahi sasa?"

"Usianze."

"Nimekuuliza. Umefurahi? Watoto wangu wamesimama dirishani wananiangalia nikipakiwa kama mzigo wa soko. Umeyataka haya. Huna mume, huna mtoto, ndiyo maana nyumba za watu zinakuwasha."

Fundi alikuwa ameshika mkasi wa kukatia. Aliuweka chini kwanza, mbali, upande wa pili wa meza.

"Sina mume," alisema. "Kweli. Nilikuwa na mchumba, unakumbuka, akaniambia nichague yeye au mama, wewe ukanishika mkono pale nje ukasema, dada, usijali, tutasaidiana. Miaka miwili, Barafu. Jumanne nilikuwa sakafuni, mguu umebanwa, mama amejikojolea juu yangu, nakupigia. Mara kumi na moja. Mama anasikia. Ulikuwa unafanya nini hata usipokee? Usiniambie. Najua ulikuwa unafanya nini, ulikuwa unamwogesha mama." Hasira ilikuwa ileile ya siku ya beseni, lakini safari hii hakujiogopa. "Nyumba yako hukuivunja kwa huyo mwanamke. Wanaume wa namna yako wamejaa. Umeivunja kwa kuuza jasho langu kwa mke wako, ukanywea chai. Sasa inuka. Saa za kumgeuza zimefika, na goti langu halifanyi kazi."

Aliinuka. Nadhani hakuwa na pengine pa kwenda.

Lakini alijaribu. Jumatatu yake alibeba begi moja akaenda kwa Mama Koni, na kabla ya saa sita akarudi nalo. Mtaa ulijua yaliyotokea kabla yeye hajafika: Mama Koni alimwangalia, akaliangalia begi, akamwambia friji limepona. Alimtaka Jumanne na Ijumaa tu, siku nyingine alikuwa na maisha yake. Watu walicheka wiki nzima. Fundi hakucheka. Alikuwa ametoka mbali mno na kicheko.

Barafu akabaki. Mama alikataa katakata kuvuliwa nguo naye, kwa hiyo kuogesha kukabaki kwa Fundi. Barafu alipewa kuinua, kugeuza, kufua shuka, kupika uji, na kukaa macho mama anapokohoa. Alikuwa mvivu, kisha akawa mzembe, kisha akawa mtu anayefanya. Sitakudanganya kwamba alibadilika moyo, hilo silijui. Alijifunza kuinua. Mama alimsifu kwa kila kijiko cha uji, Barafu mwanangu, Barafu mwanangu, na Fundi aliyasikia kutoka kwenye cherehani, akakanyaga kwa nguvu zaidi.

Mkunga aliendelea kumhudumia mama. Alipiga simu kila Jumapili, akauliza mgongo, akauliza kikohozi. Alikuwa na adabu. Lakini neno wifi lilikuwa limekufa mdomoni mwake. Alisema Fundi, kama wanavyosema wateja. Miezi mitatu baadaye Fundi alikwenda kwake kuomba radhi, na Mkunga alimpa kiti, akampa maji, akamsikiliza.

"Hasira niliyokuwa nayo kwa yule imeanza kupoa," alisema. "Kwako bado. Sijui kwa nini. Usinilazimishe."

Hakumlazimisha.

Mwaka uliofuata Mkunga aliomba kozi tena, akapata. Siku mbili kabla ya safari alikuja kumuaga mama. Watoto alikuwa anawapeleka kwa mama yake mzazi, mji mwingine, hata hakuuliza kama shangazi yao angewaweza. Fundi alimsindikiza hadi barabarani. Walisimama wakisubiri teksi, kila mmoja anatazama upande wake.

"Nikuulize kitu," alisema Mkunga. "Kama usingeanguka na mama siku ile. Ungeniambia lini?"

Jibu zuri lilikuwepo. Fundi aliliona, limekaa karibu kabisa, lingehitaji kuinama tu na kuliokota: kesho yake, wifi, nilikuwa nimeshaamua. Huenda lingemrudishia kitu.

"Sijui," alisema. "Labda nisingekuambia."

Mkunga aliitikia kwa kichwa. Teksi ikaja, akafungua mlango, akasimama kidogo mkono ukiwa juu ya mlango.

"Haya, Fundi. Mpake dawa asubuhi na jioni."

"Nitampaka. Safari njema."

Aliporudi ndani Barafu alikuwa amesimama nyuma ya pazia, shuka mbichi zimemjaa mikononi.

"Amenitaja?" aliuliza.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Kaanike," alisema Fundi, akavuta kiti chake.